Kengele ya Majaribio

Milan Hudak aliuawa siku ya Jumanne asubuhi, kwenye korido nyembamba ya ghorofa ya nne ya jengo la wapangaji, akiwa na vizibo masikioni na kipima sauti mkononi. Dada yake Bernadette alikuwa chini kabisa, katika chumba cha paneli ya kengele kilicho ubavuni mwa boila, na alisikia kila kitu kwenye redio yake ya mkononi. Alisikia, akacheka.

Alicheka kwa sababu mafundi wa kengele za moto hutukanwa kila siku. Unabandika matangazo wiki nzima kabla, unagonga mlango mmoja baada ya mwingine, unasema samahani mama, samahani mzee, leo patakuwa na kelele kidogo. Hata hivyo ving'ora vikilia, atatoka mtu na taulo kiunoni akutukanie ukoo mzima. Hawa ndugu wawili walikuwa wameyageuza matusi hayo kuwa mchezo wao. Aliyetukanwa vibaya kuliko mwenzake hanunui chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu akianza kufoka, Milan alikuwa na desturi ya kubana kitufe cha redio na kukishikilia, ili dada yake asikie mwenyewe na awe mwamuzi.

Jumanne ile alikibana. Katikati ya mlio wa ving'ora Bernadette alisikia sauti ya mwanamume akinguruma, kisha vishindo, kisha Milan akisema kitu kama "a-a," kwa sauti ndogo ya mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

"Kwa huyo umenishinda, kaka!" Bernadette alisema kwenye redio. "Leo nanunua mimi. Unataka chakula cha kabichi au cha nyama?"

Wala hakuzima ving'ora. Milan alikuwa bado hajamtajia kipimo cha mwisho wa korido, na ukizima kabla ya kipimo unaanza upya, na ukianza upya unatukanwa mara mbili. Alisubiri. Alipoona Milan hataji kipimo, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Jengo lote likatulia, na ndani ya utulivu ule vishindo viliendelea kuja kutoka redioni, kimoja kimoja, vizito.

Alipofika juu alimkuta mwanamume aliyevaa chupi tu, akikipiga king'ora cha ukutani kwa kipande cha bomba. King'ora kilikuwa kimeshanyamaza, kinaning'inia kwa nyaya zake, lakini yule mtu alizidi kukipiga. Milan alikuwa amelala sakafuni, redio imebanwa chini yake. Upande mmoja wa kichwa chake haukuwepo tena, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unatikisika peke yake kama wa mtu anayeota.

"Na wewe pia?" mtu yule alisema, akageuka.

Pigo lilimpata Bernadette kwenye mtulinga, akausikia mfupa ukikatika kabla hajasikia maumivu. Aliangukia kifua cha kaka yake. Damu ilikuwa ya moto. Bomba lilipanda tena, na lingeshuka tena na tena kama mwanamke mnene wa mlango wa jirani asingetoka na kumrukia yule mtu mgongoni, akamng'ata sikio na kulishikilia mpaka wanaume wengine wakatoka.

Jina la yule mwenye bomba lilikuwa Dwight Stroud. Alikuwa mfanyakazi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma kando ya mto, na alikuwa amelala kwa muda wa saa moja tu.

Walimzika Milan siku ambayo udongo wa mji wao wa Youngstown ulikuwa umeganda kwa baridi, mgumu hata mashine ya kuchimbia ikavunjika jino. Wanawake wa kanisa walipika chini ukumbini, mama yao alikaa mbele ya sahani asiiguse, na Vince akasimama mlangoni bila koti, mikono mitupu kwenye baridi ile, akikataa kuingia. Vince alikuwa wa katikati, kati ya Milan na Bernadette. Alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa mabega na maneno machache, ambaye tangu utotoni Milan ndiye aliyekuwa akimwamulia ugomvi wake. Sasa wa kumwamulia hakuwepo.

Mahakamani wakili wa Stroud alisema mteja wake aliamshwa usingizini na mlio ule, hakujua alipo, hakujua anampiga nani. Shtaka likashushwa likawa la kuua bila kukusudia. Jaji akaweka dhamana, shangazi wa Stroud akaitoa, mwenyewe akatoka kwa mlango wa pembeni. Vince aliupiga ukuta wa korido ya mahakama kwa ngumi mpaka vifundo viwili vikavunjika, na askari watatu wakamtoa nje akiwa anatazama tu mkono wake.

Bernadette alirudi kwenye kitabu.

Yeye na Milan walikuwa wamejiandikisha pamoja kwa mtihani wa daraja la juu kabisa la usanifu wa mifumo ya kengele za moto, ule ambao ukiufaulu unaweza kuweka sahihi kwenye michoro ya hospitali na maghorofa marefu. Tarehe ilikuwa baada ya Pasaka. Kitabu cha kanuni kilikuwa kizito kama tofali, na Milan alikuwa amekigawa kwa vipande vya gundi vya rangi. Baba yao alikuwa na cheti hicho, akafa nacho, na tangu hapo kampuni ya Hudak ilikuwa ikifanya majengo madogo tu.

Namna ya Milan ya kumfundisha dada yake ilikuwa ya kumvizia. Walipokuwa kwenye foleni ya samaki ukumbini kanisani, Ijumaa za Kwaresima ya mwaka uliopita, watu kimya na sahani mikononi, alizoea kupiga kelele ghafla:

"Berna! Chumba cha kulala, mlango umefungwa! Sauti kwenye mto?"

"Desibeli sabini na tano, na uniache nile."

"Au?"

"Au kumi na tano juu ya kelele za kawaida za chumba, iliyo kubwa kati ya hizo."

"Kwa nini kwenye mto?"

"Kwa sababu ndipo kilipo kichwa, zumbukuku."

Akikosea, Milan alimpiga kidole kwenye sikio. Kasisi aligeuka akawatazama, na Vince, akiwa na mdomo uliojaa, alisema, "Nyinyi wawili fungeni ndoa na hicho kitabu muondoke hapa tule."

Sasa Bernadette alikuwa na mkono uliotundikwa shingoni kwa kitambaa, anafungua kurasa kwa kidole gumba. Mama alimuuliza atawezaje kusoma habari za ving'ora. Bernadette alifungua ukurasa mwingine. Ukweli ni kwamba alipofika kwenye kila swali alimsikia Milan akiuliza, kwa sauti ile ile ya kuudhi, na hapakuwa na mahali pengine alipokuwa akimsikia. Kuna jioni alifika kwenye swali la sauti ya kumwamsha mtu aliyelala fofofo nyuma ya mlango uliofungwa. Alilijibu. Jibu lilikuwa sahihi. Akakifunga kitabu.

Ijumaa ya pili ya Kwaresima Vince alikuja jikoni kwake. Bernadette alikuwa anakaanga tambi na kabichi kwa siagi. Vince hakuvua buti. Aliweka juu ya meza, juu kabisa ya kitabu, dumu jekundu la petroli.

"Toa hilo dumu kwenye kitabu changu," Bernadette alisema.

"Nimempata."

"Nani?"

"Usiniulize nani. Nimemfuata shangazi yake. Anamficha Kingsley, ghorofa ya kumi na mbili."

Bernadette aliuzima moto wa jiko. Kingsley lilikuwa jumba refu la wazee na wajane, upande wa kaskazini, na mfumo wake wa kengele ulikuwa mikononi mwa Hudak kwa mkataba wa matunzo uliobaki tangu enzi za baba.

"Nimejaribu mara mbili kuingia," Vince alisema. "Yule mama wa mapokezi ananitazama kama mwizi. Nikapitia ngazi za nyuma, nikapanda zote, milango ya ghorofani imefungwa. Huwezi kuingia kutoka kwenye ngazi. Lakini Milan alisema nini Krismasi? Alituchosha hapo mezani na milango yake. Kengele ikilia, sumaku zinazoifunga zinaachia, milango yote inafunguka. Si ndivyo?"

"Vince, kaa chini."

"Si ndivyo?"

"Ndivyo. Ili watu wasife ndani. Kaa, nikutilie chakula."

"Utakwenda kesho na sare yako. Utawaambia ni majaribio. Utapigia kile kituo chenu mnachokipigiaga, ili magari ya zimamoto yasije. Utapiga kengele. Yeye atashuka kwa ngazi kama wengine, mimi nitakuwa chini namsubiri. Basi. Kazi yako ni kubonyeza kitufe."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo mimi ndiye ninayejua."

"Utafia jela."

"Kwani sasa hivi naishi wapi?"

Bernadette alimwambia hapana. Alimwambia kwa upole, kisha akamwambia kwa matusi. Vince alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akalipigapiga lile dumu kwa vifundo vyake vilivyofungwa bandeji.

"Usipoipiga wewe, nitaipiga mimi. Kuna lile bomba la kutupia taka, linapita ghorofa zote. Nikimwaga hili humo chini na kutupa kiberiti, kengele italia yenyewe."

"Mle mna vikongwe wenye viti vya magurudumu!"

"Kwa hiyo amua wewe. Kengele ya uongo au moto wa kweli."

"Huwezi kufanya hivyo. Wewe? Huwezi."

Vince akamtazama. Macho yake hayakuwa na hasira yoyote, na hicho ndicho kilichomtisha dada yake.

"Berna," alisema taratibu, "ulikuwa unamsikiliza kwenye redio. Ukacheka. Mimi sijakuuliza hata siku moja. Basi na wewe usiniulize mimi naweza nini."

Bernadette akasema sawa.

Alisema sawa kwa sababu alikuwa na njia yake kichwani. Mlango wa ghorofa ukishaachiwa na sumaku, unafungwa tena fundi akiurudisha mfumo katika hali yake ya kawaida. Vince akiwa ndani ya ngazi, yeye arudishe mfumo, na milango yote itashika. Mtu aliye kwenye ngazi ana njia moja tu ya kutokea, nayo ni chini. Angemfungia humo, apige milango mpaka achoke, ashuke, waende nyumbani. Usiku ule alijiambia hivyo mara nyingi. Alijiambia kama mtu anayekariri.

Jumamosi mchana walifika Kingsley kwa gari la kampuni. Vince alikuwa na nyundo yake ya mapaa chini ya koti, ile yenye upande mmoja wa shoka, na redio ya Milan mfukoni. Bernadette alipoiona redio ile, na kile kipande cha utepe chenye jina la Milan, alitangulia kuelekea mlangoni.

Mama wa mapokezi alifurahi kumwona. "Pole sana, mwanangu. Tumesikia habari za kaka yako. Jamani, dunia hii!"

"Asante. Nimekuja kufanya majaribio kidogo."

"Jumamosi?"

"Tumechelewa na kazi, si unajua tena. Wapigie simu wapangaji, waambie ni majaribio, wasihangaike."

Alilisema kwa mazoea. Miaka yote alikuwa akilisema hivyo hivyo, na mdomo ukajiendea wenyewe. Ni kwenye chumba cha paneli tu, alipokuwa ameshakipigia kituo na kutaja neno la siri na kuwaambia wasitume magari, ndipo alipotambua alichofanya. Wapangaji wote wa Kingsley sasa walikuwa wamekaa wakijua kwamba kengele itakayolia si ya kweli. Hakuna atakayeshuka.

Alifurahi. Alifurahi kweli, akafikiri labda Mungu ndiye aliyemchezesha ulimi. Akabonyeza kitufe cha zoezi.

Ving'ora vikalia jumba zima. Kwenye paneli taa ndogo ya sumaku ikabadilika, milango imeachiwa. Redio ikakoroma.

"Niko ndani," Vince alisema. "Niko chini ya ngazi."

Ving'ora vililia. Dakika ikapita, ikapita nyingine.

"Mbona hawashuki? Berna! Mbona hawashuki hawa?"

"Watu hawashuki, Vince. Hawashuki kamwe. Miaka yote nafanya kazi hii sijaona mtu anashuka. Tokea hapo ulipoingilia, twende zetu."

Akasikia pumzi yake. Kisha akasikia buti.

"Basi nampandia mwenyewe."

Kidole cha Bernadette kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kurudisha. Wakati wenyewe ulikuwa huo. Vince alikuwa ndani ya ngazi, milango ishike, aishie humo. Alimsikia akipanda, anahema, anataja ghorofa. Tatu. Nne. Akibonyeze sasa. Tano. Badala ya kubonyeza aliuona ule mguu wa kushoto wa Milan, unatikisika. Aliiona chupi ya yule mtu, ya kijivu, na jinsi alivyogeuka na kusema na wewe pia. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwona Stroud kituo cha mafuta, anakwangua tiketi ya bahati nasibu, anacheka na mwenye duka. Nane. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na kitufe kilikuwa baridi. Hakuna aliyemshika mkono. Tisa. Kumi. Alikuwa anataka Vince afike. Kwa pumzi zile chache alikuwa anataka kabisa.

"Kumi na mbili," Vince alisema, na mlango ukalia bawaba zake.

Hapo ndipo alipobonyeza.

Paneli ilifikiri, kama kawaida yake, ikivihesabu vitambua moshi vyote kimoja baada ya kingine. Ving'ora vikakatika. Taa ya sumaku ikarudi kijani. Milango yote ya Kingsley ikashika, na Vince alikuwa upande usiofaa wa mlango, ndani, pamoja na mtu aliyemfuata.

Stroud alikuwa ameshatokea koridoni. Wengine wote walikuwa wamekaa wakitazama televisheni zao, lakini yeye, tangu Jumanne ile, hakuweza kuvumilia mlio ule hata kwa dakika. Alikuwa amesimama katikati ya korido, mikono masikioni, macho ameyafumba.

Vince alibana kitufe cha redio na kukishikilia.

"Sikiliza, Berna!" alisema. "Sikiliza hii!"

Bernadette akamsikia mtu akisema "subiri, subiri kidogo, bwana." Kisha nyundo. Sauti ile aliijua. Ilikuwa imekaa ndani ya sikio lake tangu msimu wa baridi, nayo sasa ilitoka redioni kama iliyorudi kwao. Stroud alipiga yowe, kisha yowe likaingiwa na maji. Mwanamke mzee alianza kuita, "Dwight! Dwight!"

Bernadette alikipigia kituo huku anakimbia.

"Niondolee majaribio Kingsley. Sasa hivi. Kengele itakayokuja ni ya kweli."

"Una uhakika, mpenzi?" dada wa kituoni aliuliza. "Ulisema saa mbili za—"

"Tuma magari! Tuma polisi, tuma ambulansi, kuna mtu anauawa ghorofa ya kumi na mbili!"

Kwenye ukumbi wa mapokezi alikivuta kwa mkono wake kile kikasha chekundu cha ukutani. Ving'ora vikaanza upya, sumaku zikaachia, lifti zote zikashuka chini na kukataa kwenda popote kama zilivyoagizwa. Mama wa mapokezi alikuwa anamwita. Bernadette aliingia kwenye ngazi akapanda. Mtulinga wake haukuwa umeunga sawasawa, na kila ghorofa ulimchoma kisu. Redio kiunoni mwake haikunyamaza hata mara moja. Vince alikuwa anazungumza sasa, si na yeye. Alikuwa anamwambia Stroud jina la Milan, anampiga, anamwambia arudie.

"Sema! Sema Milan! Sema!"

Alipousukuma mlango wa kumi na mbili alimkuta kaka yake amemwekea Stroud magoti kifuani. Jicho moja la Stroud lilikuwa limetoka mahali pake na meno yalikuwa kwenye zulia. Mdomo wake ulikuwa bado unajaribu kulisema lile jina. Shangazi yake, kikongwe mwenye gauni la kulalia, alikuwa anampiga Vince mgongoni kwa fimbo yake ya kutembelea, naye Vince hakuonekana hata kujua kwamba anapigwa. Alikuwa ameigeuza nyundo. Upande wa shoka sasa ndio uliokuwa mbele.

"Vince!"

Aliinua mkono.

Bernadette aliutoa ukutani mtungi wa kuzimia moto, akauzungusha kwa mkono wake mzima na ule mbovu pamoja, akampiga kaka yake kwenye mkono ulioinuliwa. Mfupa ulivunjika na ncha yake ikatokea kwenye shati. Nyundo ilianguka. Vince alimgeukia, akamwona, uso wake ukawa wa mtoto kabisa. Kisha akataka kuiokota nyundo kwa mkono wa pili, na Bernadette akampiga tena, begani, akamwangusha, akamkalia kwa uzito wake wote, huku ving'ora vinalia juu ya vichwa vyao na damu ya Stroud inaingia kwenye magoti ya suruali yake.

"Umenivunja mkono!" Vince alikuwa anapiga kelele. "Kwa ajili ya huyu? Kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili yako, mpumbavu wewe! Tulia!"

"Alikuwa kaka yako!"

"Na wewe je? Na wewe ni nani? Tulia, Vince, tulia."

Hakutulia mpaka wazimamoto walipofika. Kulikuwa na askari mmoja kijana aliyemjua Vince kwa mechi za shule, akawa anamfunga pingu mkono mmoja tu kwa sababu mwingine haukufungika, na anamwomba radhi. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha Stroud mapajani, anampangusa kwa pindo la gauni. Alimtazama Bernadette muda mrefu.

"Ni wewe uliyepiga ile kengele ya kwanza?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Kikongwe akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumpangusa mpwa wake.

Bernadette aliwaeleza polisi yote, na kidole kilivyochelewa pia. Yule askari aliyekuwa akiandika alimwambia la kidole si lazima aliseme, hakuna anayeweza kulijua. Bernadette alisema liandikwe.

Stroud hakufa. Alikiri shtaka lake akiwa bado amefungwa bandeji na anatumikia kifungo chake magharibi ya jimbo, kwa jicho moja. Vince alihukumiwa kwa kujaribu kuua. Mkono wake uliungwa kwa vyuma na haunyooki vizuri, na daktari wa gereza amesema hatapanda paa tena. Bernadette alipewa kifungo cha nje. Leseni ya kampuni ilichukuliwa, gari likauzwa, na sasa anavuta nyaya kwenye kampuni ya watu wengine, chini ya msimamizi mdogo kwake kiumri ambaye humwita mama. Wasimamizi wa mtihani walimwandikia kwamba hawezi kuufanya mpaka adhabu yake iishe. Itaisha mwakani.

Jumapili baada ya misa humpeleka mama yake gerezani. Mama huingia na kopo la biskuti ambazo askari huzikagua moja moja. Vince hajaruhusu Bernadette aingie, kwa hiyo yeye hubaki garini na kitabu, kioo kikiwa kimeshushwa kidogo, mpaka mama atoke.